Jina kwenye Karatasi ya Santuri

*Shangazi, nakuandikia kutoka Rubona. Najua umri wangu ni wa kuandikiwa barua za namna hii, si wa kuziandika. Nina miaka 63, nimestaafu, nina mke mmoja, watoto wanne na mjukuu wa kwanza. Sina shida ya chakula wala ya ugonjwa. Shida yangu ni sanduku.*

*Mwaka jana tulipobomoa stoo ya marehemu mama nilikuta santuri zangu, zile ndogo. Ziko 31. Nilidhani zilishapotea. Nikaenda Kigali kununua mashine ya kuzipigia, nikaiweka sebuleni, na tangu hapo kila jioni naweka moja. Ipo "Sina Makosa" ya Les Wanyika ambayo karatasi yake imeandikwa jina kwa wino wa bluu. Ni jina la msichana wa Goma. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 17, na kila Jumamosi nilitembea kwa miguu kutoka hapa hadi Petite Barrière, nikavuka mpaka kwenda kwenye dansi ya vijana nyumbani kwao. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine: kuangalia sindano, kugeuza santuri wimbo ukikatika. Yeye alikuja kusimama kando yangu na kuniambia ipi ifuate. Mara ya mwisho alinitia hii mkononi akasema: "Utaniletea." Wiki iliyofuata baba alinipeleka shule ya mbali. Sikurudi.*

*Binti yangu amenitafutia namba yake ya simu. Ninayo wiki ya tatu sasa. Naandika ujumbe, nafuta. Mke wangu hajui. Ila nikiwasha mashine tu, anabeba kiti chake anatoka nje kuwatazama wavuvi mpaka niizime. Ni mtu wa Kusini, alikuja huku 1995 na begi moja, tukaoana 1997. Mke mwema, lakini hana hamu na mambo ya zamani. Shangazi, mimi nampenda nani? Nitume ujumbe, au nichome sanduku?*

*— Mgeuza Santuri, Rubona*

Kaka yangu Mgeuza Santuri,

Usichome kitu. Moshi wa santuri ni sumu, na mashine uliyoifuata hadi Kigali itabaki na kazi gani?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliutafuta wimbo wenyewe nikausikiliza wote. Mara ya tatu niliona jambo ambalo nitalifikia huko mbele, kwa hiyo nivumilie. Mimi ni mtu wa Biryogo kule Kigali, hatujui kufupisha, na wewe umenigusa palepale ninapopenda kukaa.

"Sina Makosa"! Nilikuwa mdogo wako kwa miaka michache, na nilikutana na wimbo huo kwenye kibaraza cha fundi cherehani, redio ikining'inia kwenye msumari. Kwa kuwa santuri hizo zilitoka Nairobi, nilidhani wapigaji ni Wakenya watupu. Ukubwani ndipo nikajua habari ya ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliotoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaunda huko bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa, wakaunda Les Wanyika, na hao waliojitoa ndio waliokupa wimbo wako. Yaani bendi iliyozaliwa kwa kuachana ndiyo iliyowapa vijana wa Goma na Gisenyi sababu ya kushikana. Na kile Kiswahili chake! Sisi wa huku tulikipokea kama nguo ya sikukuu. Kijana aliyezoea kusema "niko nakuya" aliimba Kiswahili cha Tanga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea, kisha wimbo ukiisha anavua, anakunja, anarudi kwenye lugha yake ya kila siku.

Mpaka nao ulikuwa mwepesi kidogo kwa miguu ya vijana. Rwanda, Burundi na Zaire zilikuwa zimetia saini mkataba wa CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, hapohapo kwenu Gisenyi mwaka 1976, wazee wakizungumza biashara na usalama, nanyi mkavuka na santuri kwapani.

Sasa niseme juu ya kazi yako, kwa sababu wasomaji wangu wachanga hawaijui. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ina nafasi ya dakika chache tu kila upande, na nyimbo zetu hazikuwa za dakika chache. Mwimbaji anaanza taratibu, anasimulia yaliyomsibu, anaomba ushauri kwa dunia nzima. Baadaye magitaa yanabadili mwendo, sebene inaingia, miguu inaamka. Basi wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma, na katikati pakawa na ukimya. Ukimya huo ulikuwa wako. Wenzako wamesimama, mikono viunoni mwa watu, hawajui waachane au wasubiri. Wewe unainua sindano, unageuza, unapuliza vumbi, unashusha. Kwa muda huo mfupi hakuna mtu mkubwa Goma nzima kukushinda. Naelewa kwa nini hukusahau.

Lakini hebu tazama ulivyoandika. Hakuna mahali unaposema ulicheza naye. Hata wimbo mmoja. Mgeuza santuri hachezi, ndiyo hasara ya cheo chake. Unasema alikuja kukuambia ipi ifuate. Linaweza kuwa penzi hilo. Linaweza pia kuwa msichana mwenye santuri zake anayeilinda mali isikwaruzwe na mvulana wa Rubona mwenye vidole vya kuvuta nyavu.

Halafu jina. Wewe unalisoma kama hati ya ndoa. Sisi tuliopita kwenye dansi za wakati ule tunajua kwa nini watu waliandika majina kwenye karatasi za santuri: ziliazimwa na hazikurudi. Kaka yangu aliandika lake kwenye karatasi, akaandika kwenye lebo, akachora na nyota, na bado zake nzuri ziliishia majumbani kwa watu. Neno alilokuambia msichana umeliandika mwenyewe: "Utaniletea." Umelitunza miaka yote hiyo ukilipima kama dhahabu. Kwa Kiswahili cha Goma, cha Biryogo na cha Tanga, neno hilo lina maana moja iliyo wazi: rudisha. Kaka, umekaa na santuri ya watu tangu 1979, na wimbo wenyewe unaitwa "Sina Makosa". Hapo ndipo nilipocheka.

Nisikuonee hata hivyo. Kuna jambo kila shangazi analijua: msichana akitaka mvulana arudi, humwazima kitu. Kitabu, leso, kalamu. Kinywa chake hakiwezi kusema "rudi", basi anaweka mkononi mwa mvulana sababu ya kurudi. Inawezekana santuri ile ilikuwa ya mkopo na ya mapenzi kwa pamoja. Wewe huwezi kujua, na yeye huenda naye hakumbuki tena ilikuwa ipi.

Maana namba uliyonayo si ya msichana yule. Ni ya mama wa miaka sitini na kitu wa Goma. Fikiria mji huo umempitisha wapi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikala nyumba na maduka. Mei 2021 ikaja tena, ikasimama ukingoni mwa mji, na watu wakakimbilia hata kwenu Gisenyi na magodoro vichwani. Januari 2025 vita vikaingia mitaani, na nina hakika milio yake uliisikia. Kama sebule ile ya dansi bado imesimama, ni kwa rehema za Mungu. Sasa katikati ya maisha hayo simu inalia, na mtu wa 1979 anauliza kama anamkumbuka. Huenda atafurahi hadi machozi. Huenda pia atatafuta miwani, atasoma jina lako mara mbili, kisha atamgeukia mwanawe: "Huyu ni nani?"

Unaniuliza unampenda nani. Naona unapima mapenzi kwa mizani mbovu. Kwa kuwa siku zile unazikumbuka hadi rangi ya wino, umeamua kwamba ndizo zilizokuwa na mapenzi makubwa. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wameona jambo hili kwa watu wengi sana: mzee akiambiwa asimulie maisha yake, mengi yanayomjia ni ya tangu miaka kumi na kitu hadi thelathini hivi, na nyimbo zinazomshika ni za umri huohuo. Kila jambo lilikuwa la kwanza wakati ule, kwa hiyo liliingia kwa kina. Jumamosi tano za dansi zinaweza kukaa kichwani zikang'aa kuliko Jumamosi elfu moja za kula pamoja na mtu aliyekulelea watoto. Ndivyo kichwa kilivyoumbwa. Moyo haujapiga kura hapo.

Hamu kama hii yako ilishawahi kuitwa ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Uswisi, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki akapata jina la ugonjwa wa watu wanaoteseka kwa kuwa mbali na kwao. Dawa aliyoiamini kuliko zote ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Dawa hiyo haikufai kitu, kaka. Wewe uko nyumbani. Sebule yenyewe iko mwendo wa saa chache kwa miguu, kama magoti bado yanakubali.

Wamarekani nao wana zilipendwa zao zinazofanana na ugonjwa wako. Katika miaka ya 1950 vijana wa mijini, wengi wao weusi, walisimama kwenye kona za mitaa na kwenye ngazi za majumba, bila gitaa wala ngoma, wakapangana sauti: mmoja anaimba mapenzi, wengine nyuma yake wanaguna na kuitikia kwa silabi zisizo na maana, ambazo ndizo zilizoupa muziki huo jina la doo-wop. Frankie Lymon alikuwa na miaka 13 tu wimbo wake wa kuuliza kwa nini wajinga hupenda ulipovuma mwaka 1956. Mtoto wa miaka 13 akiifundisha dunia mapenzi! Alifariki 1968, ana miaka 25, na baadaye wanawake watatu wakafika mahakamani, kila mmoja akisema ndiye mjane wake halali. Siku hizi wazee wa Marekani wakizisikia nyimbo hizo huzama katika ujana wao kama wewe. Nilitaka uwajue ndugu zako.

Nimewataja pia kwa sababu ya zile sauti zisizo na gitaa. Shika hapo.

Nilisema kuna jambo niliona mara ya tatu. Umenitajia idadi ya santuri, rangi ya wino, mwaka, siku ya wiki, hata mahali pa kuvukia. Mkeo umempa mistari michache mwishoni, nusu yake ikiwa ni malalamiko. Ni mtu wa Kusini. Alikuja 1995 na begi moja. Hana hamu na mambo ya zamani.

Kaka, sisi ni Wanyarwanda. Mwaka huo tunajua unafuata mwaka gani. Sikisii yaliyompata, wala sitaki uniandikie kunieleza. Nasema hili tu: ili mtu awe na sanduku la santuri kwenye stoo ya mama yake, lazima kuwe na stoo, na lazima kuwe na mama.

Kama nahesabu vizuri, ujana wake ulikuwa miaka ya 1980. Yeye pia alikuwa na Jumamosi zake. Wakati ule Orchestre Impala ilipigwa kila penye redio, na sauti ya Sebanani André tuliisikia kwenye nyimbo na kwenye michezo ya kuigiza, tukadhani ni jirani. Sebanani aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Rugamba Cyprien, mshairi na mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa kwenye kila harusi, aliuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao. Kwa watu wengi wa umri wa mkeo, gitaa la zamani linafungua mlango, na hawajui nani amesimama nyuma yake. Wako wanaozitafuta nyimbo hizo na kuzikumbatia. Wako wanaobeba kiti wakatoka nje.

Na nje anafanya nini? Umeliandika ukalipita: anawatazama wavuvi. Mimi nimewahi kulala Rubona siku mbili, na kilichonibaki si bia ya pale wala mashyuza, yale maji ya moto niliyotia miguu hadi ikawa myekundu. Ni saa ile jua linapozama, mitumbwi inapotoka mitatumitatu, imefungwa pamoja kwa miti, mingine mirefu imetanda mbele na nyuma kama ndevu za kambare, taa bado hazijawashwa. Na wanaume wanaimba. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, kasia zinapiga mapigo, mtu anapiga mluzi, na maji yanaibeba sauti hadi kwenye ngazi za nyumba. Hakuna mashine. Hakuna upande wa kugeuza. Wale vijana wa kona za Marekani wangesimama wasikilize. Wanakwenda kuvua sambaza, samaki ambao hata si wenyeji wa Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo nani Rubona atasema ni wageni?

Kwa hiyo usiniambie mkeo hapendi muziki. Kila jioni anasikiliza wake, na wewe uko ndani umeupandishia sauti wa kwako.

Basi, la kufanya. Kwanza hilo la binti yako. Umempa mtoto siri ya kumficha mama yake, na hilo, kusema kweli, ndilo kosa pekee kubwa ninaloliona katika barua nzima. Santuri nakusamehe. Mwondolee mtoto mzigo huo leo. Usiitishe kikao. Mwambie mkeo mkiwa mnafanya jambo jingine, mnachambua maharage au mnatandika kitanda: "Nina santuri ya mtu wa Goma, niliazima nikiwa kijana sikuirudisha. Mtoto amenitafutia namba yake." Yote ni kweli. Akicheka, mwache acheke. Akiuliza alikuwa mzuri, sema alikuwa mzuri. Mwanamke wa miaka hiyo hadanganywi, na ukisema "sikumbuki" atajua ni uongo, maana amekuona ukipangusa ile karatasi kwa mkono wa shati.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, na mkeo ausome kabla hujautuma. Nakuandikia: "Mama, ni fulani wa Rubona, niliyekuwa nikigeuza santuri. Ninayo moja yako tangu 1979. Naomba kuirudisha." Basi. Usitie maua yale ya simu. Usiulize kama anakumbuka; akikumbuka atasema mwenyewe. Asipojibu, usitume wa pili. Santuri itakaa kwako kama amana, na hapo hata wewe utaiangalia kwa jicho jingine.

Wimbo hutaupoteza. Mwambie binti yako, kwa kuwa anajua kutafuta, akuwekee kwenye simu. Upo, wote, bila kukatwa katikati. Najua utanijibu kwamba si uleule, kwamba wako una ule mkwaruzo mahali fulani ambapo sindano huruka. Jua basi kwamba kila ukiuweka, sindano inaula kidogo. Santuri ya watu.

Jioni moja wiki hii, kama ziwa halijafungwa kwa wavuvi, acha mashine imezimwa. Beba kiti cha pili. Kaa kando yake, na usimhoji. Usimwambie Shangazi amesema. Usimwulize alipenda nyimbo gani, alicheza wapi, na nani. Kuna mambo mke humwambia mume mwaka wa 30 wa ndoa, na mengine hamwambii kabisa, na yote mawili ni haki yake. Wewe sikiliza wavuvi. Ukitaka kusema kitu, sema juu ya mitumbwi. Kama siku moja atataja mwenyewe jina la wimbo, ndipo kazi yako ya zamani itakuwa na maana tena: utafute, uuweke, usimame kando ya mashine umwachie yeye akuambie ipi ifuate.

Na mama wa Goma akijibu, mkapanga siku, vukeni wawili. Santuri ibebe ikiwa imesimama, katikati ya makatoni mawili, na usiiache ichomwe na jua kwenye foleni ya Petite Barrière. Hujikunja kama chapati. Ile karatasi yenye jina irudi pamoja nayo.